Gari la Shule Lisubiri Jua

Saa kumi na moja na robo alfajiri, jua bado halijachomoza baharini, honi hulia mara mbili nje ya geti moja la Nyali, Mombasa. Mlinzi anafungua. Yaya anatoka amembeba mtoto wa miaka mitano aliyevalishwa soksi na sweta angali usingizini, na mkononi mwa mtoto mna hamri lililong'atwa mara moja tu. Akiketishwa dirishani, paji la uso linaegemea kioo. Gari likiingia Links Road kuokota wengine, hamri limeshaanguka chini ya kiti na mwenyewe hana habari.

Hayo hurudiwa kila siku ya shule, kuanzia Kongowea hadi Bamburi, Kisauni hadi Mtwapa. Sababu yake si siri. Gari moja hupiga tripu mbili, wakati mwingine tatu, na watoto wa tripu ya kwanza ndio wanaoamshwa mapema zaidi. Isitoshe, wengi wa upande huu wa bara husoma kisiwani, na wa kisiwani husoma huku, na wote hupita mlango mmoja: Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea lililokuwepo tangu 1931. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, foleni imeshika. Dereva anayetaka kuiwahi hana budi kuanza gizani.

Sheria lakini haikumwomba dereva afanye hivyo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa, za umma na za binafsi, yaanze saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri, kisha ifuate michezo hadi saa kumi na moja kasorobo. Mtoto aliyepakiwa garini saa kumi na moja na robo hutangulia kengele ya saa mbili kwa karibu saa tatu nzima. Muda huo umetolewa mahali fulani, na mahali penyewe ni kitandani.

Hapo ndipo wazazi wanapokosea hesabu. Wengi huuona usingizi kama muda mtupu, kama gari lililoegeshwa tu. Lugha yenyewe huwapa sababu. Wavuvi wa pwani hii walijua tangu zamani jinsi pono anavyolala fofofo, na ndiyo asili ya msemo wa usingizi wa pono. Wanaozamia miambani usiku huwakuta baadhi ya samaki hao wamejifunika utando wa ute wao wenyewe, mithili ya chandarua. Mtoto wa binadamu naye huonekana hivyo hivyo, ametulia tuli. Lakini ndani ya kichwa chake mambo ni mengine kabisa, na jambo hilo liligunduliwa na baba mmoja akimtazama mwanawe.

Baba huyo aliitwa Eugene Aserinsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago. Tangu Mjerumani Hans Berger aliponakili mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, wataalamu walikuwa na mashine za kuchora mawimbi hayo kwenye karatasi. Mwishoni mwa mwaka 1951 Aserinsky alichukua mashine kuukuu, akambandika waya Armond, mwanawe wa miaka minane, kichwani na kando ya macho, akamlaza chumba cha pili. Usiku ulipoendelea, kalamu za mashine zikaanza kuyumba huku na huku kana kwamba mtoto yu macho na anatazamatazama. Baba akaenda kumwangalia. Armond alikuwa usingizini, macho yakichezacheza chini ya kope. Mwaka 1953 Aserinsky na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, wakatangaza matokeo, na tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba ubongo wa aliyelala umezimwa.

Leo inafahamika kwamba usiku una zamu. Mwanzoni usingizi mzito hutawala, ule wa mawimbi makubwa ya polepole, na ndani yake mambo yaliyosomwa mchana huchezwa upya kidogo kidogo na kuhamishwa kutoka hipokampasi, ghala la muda lililo ndani kabisa ya ubongo, kwenda tabaka la juu ambako hukaa kwa kudumu. Kuelekea alfajiri huongezeka usingizi wa ndoto, ule wa macho kuchezacheza, ambao kwa mtoto mchanga huchukua karibu nusu ya muda wake wote wa kulala. Kwa hiyo honi ya saa kumi na moja haikati usingizi popote tu. Inakata sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo yenye ndoto nyingi kuliko zote.

Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi mitano alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa miaka sita hadi kumi na miwili saa 9 hadi 12. Mchukue mtoto wa chekechea aliyemaliza kazi ya nyumbani, akala, akatazama katuni kidogo, akalala saa tatu na nusu usiku. Akiamshwa saa kumi na dakika 45, amelala saa saba na robo. Hata kwa kipimo cha chini kabisa amepungukiwa saa mbili na dakika 45, na kwa siku tano za shule ni karibu saa kumi na nne. Mzazi anayelipa karo ya Nyali asingekubali mtoto wake akose saa kumi na nne za darasa kila wiki. Za usingizi huziachia.

Wazee watasema watoto wa zamani waliamka alfajiri vile vile, wakaswali, wakaenda chuo kusoma Kurani kabla ya shule. Ni kweli. Lakini watoto hao walilazwa mara tu baada ya isha, nyumba hazikuwa na televisheni, na adhuhuri Mji wa Kale wote ulifunga milango ya maduka, watu wakajinyoosha. Kilichobaki leo katika mpango ule ni kuamka mapema peke yake.

Na ule usingizi wa adhuhuri haukuwa uvivu. Mwaka 2015 watafiti wa Sheffield, Uingereza, na Bochum, Ujerumani, waliwatembelea majumbani watoto 216 wa miezi sita na kumi na miwili. Kila mtoto alionyeshwa mwanasesere wa mkononi aliyevaa glavu ndogo. Mtafiti akaivua, akaitikisa, kengele ikalia ndani yake, akairudisha. Kisha mtoto akaachwa na siku yake. Waliolala nusu saa au zaidi ndani ya saa nne zilizofuata walikumbuka la kufanya walipopewa mwanasesere huyo tena, wengine hata siku ya pili. Ambao hawakupata usingizi wa kutosha baada ya somo walikuwa sawa na watoto ambao hawakuwahi kuonyeshwa kitu. Ina maana mama wa Kisauni anayecheza na mwanawe, akamnyonyesha, akamlaza penye upepo wa dirisha, anafuata mpangilio ulio sawa kabisa, bila kuambiwa na mtu.

Tatizo linakuja pale chekechea inapoona aibu kuwalaza watoto. Mwalimu anayewaruhusu watoto wa miaka minne wajilaze kwenye mkeka baada ya uji huonekana hafanyi kazi, na mzazi anayepita huuliza mbona hawaandiki. Badala ya mkeka wanapewa daftari. Mwalimu huyo anastahili kutetewa na mkuu wake, na akiwa na mkeka mbovu anunuliwe mpya.

Usingizi ni nusu moja tu ya habari ya ubongo wa mtoto. Nusu ya pili ni uso wa mtu, na kwa hili Afrika Mashariki ilitoa ushahidi mapema kuliko pengi duniani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwasili Kampala akifuatana na mumewe, akapata nafasi katika Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kijamii. Kwa muda wa takriban miezi tisa alizitembelea nyumba za Waganda, akiwachunguza akina mama 26 na watoto wao 28. Hakuwa na mashine. Alikuwa na macho, daftari na mkalimani. Aliona jinsi mtoto anayejiamini anavyotambaa kwenda mbali na mama, akachunguza kitu, akageuka kumtazama, akarudi, kisha akaenda tena. Aliona pia kwamba akina mama ambao watoto wao walitulia namna hiyo walikuwa ndio mahodari wa kumweleza mgeni habari za watoto wao: anapenda nini, huogopa nini, amelia kwa sababu gani. Walikuwa wamewasoma. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na elimu ya uhusiano wa mama na mtoto inayofundishwa vyuoni hadi leo kwa sehemu ilianzia katika vyumba vile vya Buganda.

Nusu karne baadaye zikaja mashine. Mwaka 2003 Patricia Kuhl wa Seattle aliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, akawaletea wasemaji wa Kichina wa kucheza nao na kuwasomea, vikao kumi na viwili. Watoto wale walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Kundi jingine lilipata wasemaji wale wale, maneno yale yale, ila kupitia televisheni. Halikuambulia kitu. Mwaka 2017 Victoria Leong na wenzake wa Cambridge wakaenda mbele zaidi: walimvisha mtoto na mtu mzima kofia za waya kwa pamoja, mtu mzima akaimba nyimbo za watoto, mara akimtazama mtoto usoni, mara akitazama pembeni. Alipomtazama moja kwa moja, mawimbi ya bongo zote mbili yalielekea kwenda sambamba zaidi, na mtoto aliyeongeza vijisauti vyake ndiye aliyevuta mawimbi ya mtu mzima kumfuata.

Anayejua nyumba za Waswahili hataona ajabu. Bibi akiketi na mjukuu mapajani, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, humwimbia huku amemkabili uso kwa uso, akasita kidogo ili mtoto ajibu kwa vijisauti, kisha akaendelea kana kwamba amejibiwa la maana. Katika siku arobaini za uzazi mama hupikiwa, hukandwa, hufuliwa, na kazi yake kubwa ni moja: kukaa na mtoto. Desturi hiyo haikutungwa kwa ajili ya mawimbi ya ubongo, lakini iliyapa nafasi.

Si kila la kigeni nalo ni la kumezwa. Akina mama wa Nyali wanaosoma vitabu vya malezi kutoka Marekani hupata hofu mtoto wa miezi minne anapoamka mara tatu usiku, wakidhani wamemharibu. Charles Super na Sara Harkness, waliokaa na Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1970, waliwakuta watoto wa umri huo hulala na mama zao, wakinyonya usiku, na kipande chao kirefu cha usingizi kikiwa kama saa nne na nusu tu, wakati cha watoto wa Marekani kilikuwa saa nane. Watoto wa Kokwet walikua vizuri. Madaktari wa watoto wa Marekani wenyewe sasa wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, ila juu ya godoro lake, kwa miezi sita ya kwanza angalau. Mwendo wa usingizi wa mtoto hutegemea pia nyumba aliyozaliwa, na kwa hiyo haitoshi kupima bongo za Seattle na Cambridge pekee.

Waliotambua hilo wako karibu kuliko inavyodhaniwa. Ukitoka Nyali ukashika barabara ya Malindi, mwendo wa kilomita kama 60, unafika Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome wamekuwa na kituo cha utafiti tangu 1989. Humo, katika miaka ya 1990, watoto waliolazwa kwa malaria ya kichwani walipimwa umeme wa ubongo, ikaonekana baadhi yao walikuwa na degedege ambalo jicho haliwezi kuliona: mkono hautikisiki, mguu hautikisiki, lakini ubongo uko motoni. Humo pia Profesa Amina Abubakar, ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, aliongoza kazi ya kipimo cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35 chenye jina la Kilifi, kilichochapishwa mwaka 2008, ili mtoto wa pwani apimwe kwa mambo anayoyajua. Na huko Keneba, kijiji cha Gambia, watafiti wamewavisha watoto wachanga kofia za mwanga, ambazo hupitisha miali hafifu kichwani na kusoma damu inavyokimbilia sehemu ya ubongo inayofanya kazi. Kofia kama hizo hubebeka. Kisauni ina watoto wengi wa kuzitosha, na kaunti ikiwakaribisha watafiti wa Kilifi waje kuuliza maswali ya hapa, kuhusu joto la vyumba vya mabati, kelele za usiku na magari ya alfajiri, majibu yatakuwa ya hapa.

Mombasa imewahi kuongoza katika jambo la watoto. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani waliomba msaada wa Aga Khan kwa elimu ya watoto wao, na Bi Swafiya Said akaanzisha shule ya awali kwenye msikiti wa Liwatoni mwaka 1986. Walimu walikuwa akina mama wa mtaani waliofundishwa kazi. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe na vizibo vya chupa. Mpango huo wa madrasa ulivuka ukaenda Zanzibar na Uganda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha watoto wake wakiendelea vizuri kuliko wenzao wa shule nyingine za awali. Hakuna mtoto wa Liwatoni aliyehitaji kubebwa usingizini saa kumi na moja ili akafundishwe kuhesabu makombe.

Shule za Nyali zinaweza kukubaliana kesho, bila kungoja waziri, kwamba hakuna mtoto wa chekechea atakayepakiwa garini kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Tripu ya kwanza iwe ya wakubwa, ya pili iwe ya wadogo, na darasa la wadogo lianze saa mbili na nusu kama foleni ndiyo kisingizio. Hata wakubwa wasisahauliwe. Mji wa Seattle uliposogeza mbele kengele ya sekondari zake mwaka 2016, kutoka saa 1:50 asubuhi hadi saa 2:45, wanafunzi waliongeza dakika 34 za usingizi kila usiku. Mtu angeweza kuhofu kwamba vijana watachelewa tu kulala. Hawakuchelewa.

Lakini kuna mtoto ambaye gari la shule halimhusu kabisa, na huyo ndiye wa kuumiziwa kichwa zaidi.

Yule yaya aliyembeba mtoto hadi getini alitoka kwake Kisauni saa kumi alfajiri. Kila siku wanawake wa namna hiyo hutembea au hupanda matatu kutoka Kisauni, Mishomoroni na Kongowea kuja kuosha, kupika na kulea katika nyumba za Nyali. Wengi hawana mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Ni nyumba ngapi za Nyali zinazojihesabu kuwa mwajiri? Mtoto wa yaya, wa miezi minane, umri ule ule wa watoto wa utafiti wa Cambridge, huachwa kwa jirani anayelea watoto kumi chumba kimoja kwa malipo ya kila siku. Jirani hana ubaya. Ana mikono miwili tu, na uso mmoja wa kugawa kwa kumi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo ni kazi ya Kaunti ya Mombasa kuvijua vyumba hivyo vya Kisauni, kuwafundisha walezi wake kama Bi Swafiya alivyowafundisha akina mama, na kuwalipia msaidizi. Na ni kazi ya kila mwenye nyumba Nyali kumruhusu mama anayemlelea mtoto wake aje na wa kwake mgongoni, au atoke saa kumi jioni.

Sasa hivi hutoka saa mbili usiku, vyombo vya chakula cha jioni vikishaoshwa. Akifika Kisauni, anamlipa jirani, anamkuta mwanawe amelala chini ya neti, vidole vikitetemeka kidogo, macho yakichezacheza chini ya kope. Anajua kwamba akimwamsha atamvunjia usingizi. Anajua pia kwamba asipomwamsha, itapita siku nyingine nzima ambayo mtoto hakuuona uso wa mama yake, na saa kumi alfajiri atamwacha hivyo hivyo amelala. Anaweka mkoba chini. Anainua neti.